Siku saba za kutafuta viazi vya mwituni, na hesabu iliyokataa

Niseme kwanza kilichonitoa nyumbani. Msimu uliopita muhogo wangu hapa Bweyale, Uganda, ulisimama vizuri, majani kijani, majirani wananisifu na mi najisifu, siku ya kuchimba nakuta ndani umeoza, mistari ya kahawia kila muhogo ninaokata, ule ugonjwa wa michirizi kahawia ambao ukitazama shamba kwa juu mara nyingi huuoni. Nusu ekari imeishia kwa nguruwe wa watu. Mama yangu, yeye kakulia Bombo kwenye kambi ya jeshi, akasema mbona sisi zamani tulikula viazi vya juu ya mti, vinaning'inia kama popo, unachuma unapika, na hakuna mtu alikuwa analima. Alafu akasema lakini vingine vinaua. Akaendelea kuchambua maharage kama vile hajasema kitu.

Basi nikaanza safari, Machi hii, kabla mvua haijashika.

SIKU YA 1, Jumatatu

Nimetoka Bweyale na basi la usiku, alfajiri niko Kampala, moja kwa moja soko la Kalerwe. Kosa langu la kwanza nimeuliza yamsi. Hapa Uganda ukisema yamsi unapewa mayuni, yale Watanzania wanaita magimbi na Wakenya nduma, yenye majani kama masikio ya tembo na yanapenda majimaji. Chakula kizuri, sina ugomvi nacho, ila hata ukoo si mmoja na ninachotafuta. Mi natafuta viazi vikuu, vile vinavyotambaa na kupanda mti, na hilo neno viazi vikuu ukilisema Kalerwe watu wanakutazama tu usoni wanangoja uendelee. Nimeonyeshwa mayuni mara kumi na moja. Nilihesabu.

Saa nne hivi mama mmoja anayeuza bilinganya na entula (nyanya chungu) akanisikia navyohangaika na Kiganda changu kibovu, akavuta gunia chini ya meza. "Kkobe?" Ndo hizo! Za kahawia zinaenda kijivu, zina pembe pembe na upande bapa, kama kipande cha ini kilichokaushwa juani, kubwa zake kama ngumi ya mtoto. Hazichimbwi, zinaota kwenye kamba yenyewe pale jani linapoungana na shina. Lundo la nane shilingi 5,000, na baadhi zimeshaanza kutoa jicho la kuota.

Cha kushangaza kkobe hii hii, wataalamu wanaiita Dioscorea bulbifera, kule Florida Marekani ni gugu, inafunika miti mpaka inaizima, wameleta mpaka wadudu wa kuila majani. Sisi tunaipandia basi usiku kucha kuitafuta.

Nikamuuliza yule mama zimetoka wapi, akasema kwa ssenga (shangazi) wake upande wa Lugazi, akanipa namba. Nimelala Kawempe kwa rafiki, mbu wa huko wasikie tu.

SIKU YA 2, Jumanne

Taksi mpaka Lugazi, nikapita Namawojolo bila kununua kuku, jambo ambalo sijawahi kufanya maishani, alafu boda karibu nusu saa kuelekea pembeni mwa Mabira. Ndo ule msitu watu waliandamana Kampala mwaka 2007 usikatwe ukapandwa miwa.

Yule ssenga ni mzee, wanamwita jaja (bibi), amenipokea kwa mkao wa kuniona mwizi. Wazee wengi wa Kiganda Kiswahili kwao ni lugha ya wanajeshi na majambazi, na mimi ni mtoto wa kambi, siwezi hata kukataa. Mjukuu wake akatafsiri. Swali lake la kwanza halikuwa nataka nini, lilikuwa mimi ni wa kabila gani na ukoo gani, maana kama ni wa ukoo wa Kkobe hawezi kunipa. Hapo ndo nimejifunza kitu. Buganda koo zina miziro (miiko) yao, na upo ukoo mzima mwiko wao ni hii kkobe, mkuu wake anaitwa Nnamwama, na mtu wa ukoo huo haili. Nikamwambia sisi Wanubi hatuna hiyo, akacheka, akaniambia kaa.

Kamba zake zimepanda mti wa mutuba, ule wanaotengenezea nguo za magome, saa hii zimekauka zote zinaning'inia kama kamba za kufungia ng'ombe. Kila kiangazi zinakufa hivo juu, kilichoko chini ya udongo kinabaki hai, mvua ikija kinaamka. Nikauliza cha chini nacho mnakula? Akasema cha chini kinaachwa, ndo mama, na utamu wake haufiki wa juu.

Alafu akazipindua zile nane za sokoni moja moja, akakwangua ganda kwa kucha, akanusa, akasema hizi nazijua ni zangu, tupike. Tumezifunga kwenye majani ya ndizi zikapikwa kwa mvuke juu ya matooke (ndizi za kupika). Ladha yake... sio kiazi ulaya sio viazi vitamu, nyama yake njano kidogo, imeshikana, inabaki na uchungu mdogo sana nyuma ya ulimi, kama chai isiyo na sukari. Nimekula tatu.

Wakati tunakula nikamuuliza kwa nini nisiingie tu Mabira nichume za bure. Akaacha kula. Akasema za msituni zipo, na zinafanana, jani la moyo lile lile, kiazi kile kile, kamba inapinda upande ule ule, hata yeye akiwekewa mbili mezani hawezi kuapa. Tofauti ni kwamba hii ilikuja na mama mkwe wake akiwa bibi harusi, na mama mkwe alipewa na mamake, na wote waliila wakazeeka. Ya msituni nani ameila? Na ni kweli, nimesoma baadaye, kkobe mwitu inaweza kuwa na vitu vinavyoumiza ini, na kuna wanaoichemsha maji mara tatu ndo waile, mi hapo nimeshashukuru.

Amenipa 12 zenye macho. Hataki hela, mbegu haiuzwi, ila sukari kilo mbili na sabuni niliyobeba imepokelewa haraka. Akasema hesabu mbele yangu. Nikahesabu. Akasema andika, na usichanganye na kitu cha mtu mwingine. Nikaandika kwenye simu: kkobe 12.

SIKU YA 3, Jumatano

Kampala mpaka Masindi. Gari limeharibika mbele ya Luweero, tumekaa masaa matatu tunakula mananasi kando ya barabara, nimekula mpaka ulimi unawasha. Konda anauliza kwenye gunia nimebeba mawe ya nini. Shemeji kanipokea usiku Masindi, anacheka hata kabla sijashuka. Huyu shemeji mtamjua.

SIKU YA 4, Alhamisi

Tumepanda pikipiki yake kupitia miwa ya Kinyara, miwa miwa miwa mpaka unachoka, alafu ghafla ukuta wa miti, Budongo. Kwenyewe kuna mihogani mikubwa na sokwe. Mimi nilidhani tutaingia tu na jembe. Mzee tuliyetumwa kwake, Mnyoro mtu mzima wa miaka themanini na kitu, tunamwita Araali kwa mpaako wake, lile jina la heshima la Wanyoro, maana kumwita jina lingine ni kumkosea, akasema ukivuka ule mfereji umeingia hifadhi ya serikali, watu wa NFA, mamlaka ya misitu, wakikukuta na jembe utaeleza. Sheria ya misitu ya 2003 inamruhusu mwenyeji kuokota kuni kavu na mianzi ya matumizi ya nyumbani, kuchimba viazi ni hadithi nyingine. Ila kipande chake yeye kimeshikana na msitu na hakijalimwa miaka, twende huko.

Hapo nimefundishwa kuangalia kamba iliyokufa. Hii kwangu ndo faida ya safari yote kwa hiyo nieleze vizuri. Jani halipo, limeshaoza, lakini kamba ikikauka inabaki na mpindo wake. Balugu, vile viazi vikuu vya chini vinavyokuwa kama mguu wa mtu, kamba yake inauzunguka mti ikipandia kulia. Kkobe inapandia kushoto. Nikafurahi nikasema basi nimemaliza, kushoto ni kkobe! Mzee Araali akasema ngoja. Akanipeleka kwenye kamba nyingine, inapandia kushoto vile vile, akaniambia shika. Nikashika nikaachia, miba. Akachakura chini kwa fimbo akatoa jani kavu: si moyo mmoja, ni vijani vitatu vimetoka kwenye kikonyo kimoja kama maharage. "Hiki," akasema, "kimezika watu."

Ni ndugu wa hao hao viazi vikuu (kwa wanaopenda majina ni Dioscorea dumetorum). Huko Afrika Magharibi kuna waliofuga aina yake isiyo na sumu na wanaila vizuri tu, ila hiki cha mwituni kina sumu inayopiga mishipa ya fahamu, mtu anaanza kutetemeka na viungo vinakataa. Mzee anasema enzi za njaa, akiwa mtoto, wakubwa walikila. Wanakimenya, wanakikata vipande vyembamba kama karatasi, wanaweka kwenye kikapu, kikapu kinafungwa kwenye mto unaotiririka siku tatu, wanatoa wanachemsha, wanamwaga maji, wanachemsha tena. Na kabla watoto hawajapewa anakula mtu mzima mmoja, watu wanasubiri mpaka kesho. Nikauliza nani alikuwa anakula huyo wa kwanza. Akasema bibi yake. Hakuongeza neno.

Shemeji ndo akasema tukichimbe tukione. Tumekichimba, bana, si kimoja, ni kichane, viazi sita saba vimeshikana kichwa kimoja vina nywele nywele. Vimekuwa vikubwa bila mbolea bila palizi bila kitu, ukiona unatamani. Shemeji anasema huu ni utajiri umelala, mzee anaogopa mambo ya zamani, kitu kikichemka kinakufa sumu. Akakata kimoja kwa panga akaninyooshea. Na mimi mtu mzima mwenye watoto wanne, nikalamba. Kulamba tu, ncha ya ulimi! Uchungu ukaja kwanza, alafu kuwasha, alafu midomo ikawa kama si yangu, kama nimetoka kung'olewa jino. Mzee Araali akanitazama vile unavyotazama mbuzi aliyeingia nyumbani. Nimesukutua maji ya mtungi mzima.

Akasema nenda kalale. Shemeji amebaki kufukia shimo. Amesema amefukia.

SIKU YA 5, Ijumaa

Ulimi umerudi, mchana hivi. Mvua ya kwanza ya kudanganya imenyesha asubuhi. Baada ya swala nimerudi kwa mzee nikiwa na aibu, akanipeleka nyuma ya jiko lake, na huko ndo nikacheka mwenyewe, maana siku nne nazunguka na misitu, na mke wake ana balugu kumi na kitu zimepanda kwenye mparachichi hatua tano kutoka jikoni. Nikamuuliza mzee ulitoa wapi, akasema babu yake aliingiza kutoka msituni. Lini? Kabla ya yeye kuzaliwa. Kwa hiyo za msituni zinafugika, ila aliyeionja alishakufa zamani, kwa uzee.

Amenionyesha namna wanavyovuna bila kuua. Mmea ukiwa bado mbichi unafukua udongo taratibu upande mmoja, unakata kiazi cha chini unaacha kichwa kimeshika kamba, unarudishia udongo. Kile kichwa kinatoa vingine vidogo kabla kamba haijakauka, na hivo vidogo ndo mbegu ya mwaka kesho. Chakula na mbegu kwenye shimo moja. Kwenye muhogo hiyo haipo, ingawa muhogo nao una fimbo zake, sawa.

Ametoa kiazi kimoja alichokihifadhi ghalani, akakata vipande 6, kila kipande lazima kiwe na ganda maana jicho linatokea kwenye ganda, akavizungusha kwenye majivu ya jikoni vikawa vyeupe vyote, akasema viache kivulini vikauke kidonda. Huko Nigeria, na ndo wanaolima viazi hivi kuliko nchi yoyote duniani, wataalamu wameshusha mpaka kipande cha gramu 25, wanakiotesha kitaluni kwanza. Mzee anakata kama nusu ya kiganja. Nikaandika kwenye simu: balugu 6. Jumla 18.

Shemeji akasema wewe kapumzike, nitakufungia gunia.

SIKU YA 6, Jumamosi

Masindi, Kigumba, Bweyale. Vumbi. Mama ameuliza swali moja tu, umeonja? Nikasema hapana.

SIKU YA 7, Jumapili

Kupanda. Nimechagua mstari wa mijakaranda na miembe upande wa barabara, ili miti iwe nguzo, sina hela ya kununua vigingi. Mashimo ya goti moja kwenda chini, nimejaza majani makavu na samadi ya mbuzi iliyooza, alafu udongo nimeuinua tuta. Balugu inataka udongo laini kwenda chini, ikikutana na jiwe inapinda inakuwa kama mkono uliovunjika. Kkobe haina makuu, unaifukia kidogo tu, kina cha vidole vitatu, jicho likitazama juu. Juu ya kila tuta majani ya kufunika, maana jua la hapa la Machi linapika kiazi kikiwa ardhini.

Upande wa kulia kkobe, matuta 12. Upande wa kushoto balugu, matuta... 7. Nimehesabu mara mbili. Kwenye simu nimeandika 6. Vyote vina majivu, vyote vimekauka vinafanana, kimoja labda kigumu kidogo lakini safari ndefu na vumbi lote lile. Nikajiambia siku ile ulimi ulikuwa umekufa, na akili pengine pia, nimeandika vibaya. Nikapanda vyote saba, kwenye simu nikabadilisha iwe 7.

SIKU YA 24

Mvua imeshika sasa. Kkobe 9 kati ya 12 zimetoka, ncha zake zinang'aa kama zimepakwa mafuta na zinatafuta mti zenyewe, asubuhi ziko huku jioni ziko kule. Mbuzi wa jirani kala moja. Hajafa, kwa hiyo jaja alikuwa mkweli. Balugu kimya.

SIKU YA 37

Balugu tano zimetoka. Na tuta la tatu kutoka mwisho limetoa kitu kinene kizuri, kinakimbia kuliko wote, nimewaambia watoto huyu ndo bingwa. Mama wa Kikongo anayekaa jirani, alikuja kuazima jembe, akasimama hapo muda mrefu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Bunia, "Baba, hii ulipanda wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo, kwa majivuno. Akashika jani kwa vidole viwili, akaanza kulihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu.

Nimepapasa shina, miba ipo, bado laini.

Nimeling'oa tuta lote na jembe, udongo na kila kitu, nimechoma, watoto wamekatazwa upande ule mpaka nichunguze yaliyobaki jani kwa jani. Mengine yako sawa, majani ya moyo, yanapandia kulia. Kwenye simu nimefuta 7 nikarudisha 6.

Shemeji nimempigia mara nne. Mara ya kwanza alipokea, nikasikia anacheka, akauliza, "Kimeota?" Tangu hapo simu imezimwa.